Bresi na mazoezi kwa mgongo uliopinda: mwongozo kwa mzazi wa kijana anayekua

Bresi, yaani gamba la plastiki ngumu linalofungwa kiwiliwilini, haitengenezwi ili kunyoosha mgongo. Kazi yake ni kuzuia mpindo usizidi wakati mtoto anarefuka, ili siku mifupa inapomaliza kukua mpindo uwe bado chini ya nyuzi 45 au 50, kiwango ambacho madaktari wa mifupa huanza kuzungumzia upasuaji. Mpindo ukipungua kidogo, hiyo ni nyongeza. Anayekuahidi mgongo ulionyooka kama rula, iwe kwa mkanda, kwa kuchua au kwa mazoezi ya wiki 6, muagane kwa heri.

Yanayofuata yanahusu skoliosisi, yaani mgongo kupinda kwenda upande, ya vijana isiyo na chanzo kinachojulikana, inayoonekana kuanzia miaka 10 hadi mwisho wa kukua. Ndiyo iliyo nyingi, takriban visa 8 kati ya 10. Haitokani na begi zito la shule, kulala ubavu wala kujikunja darasani, kwa hiyo kumgombeza mtoto akae sawa hakumsaidii.

Kupima nyumbani na kusoma picha

Mtoto asimame bila viatu, mgongo wazi, miguu pamoja, magoti yamenyooka. Aunganishe viganja kama anayetaka kupiga mbizi, ainame taratibu hadi mgongo ulale sambamba na sakafu. Chuchumaa nyuma yake utazame usawa wa mgongo. Ubavu mmoja ukiinuka kuliko mwingine, au upande mmoja wa kiuno ukitokeza, pingili za uti wa mgongo zimejizungusha, na mzunguko huo ndio unaotofautisha skoliosisi na mtu aliyesimama upande tu. Mpime tena akiwa amekaa kwenye stuli. Nundu ikipotea akikaa, huenda mguu mmoja ni mfupi, na hilo lina tiba yake.

Kliniki hutumia kipimo chenye gololi kinacholazwa juu ya nundu. Programu za simu zenye kipimo cha mteremko hufanya kazi hiyohiyo, mradi simu isiegemee pingili zenyewe: iachie nafasi ya vidole gumba viwili katikati. Ukisoma nyuzi 5 hadi 7 au zaidi, nenda ukapigwe eksirei. Chini ya hapo, rudia kila baada ya miezi 3 au 4 kwa mtoto anayekua.

Eksirei iwe ya uti wa mgongo mzima, mtoto akiwa amesimama, na kwa msichana miale ipite kutoka nyuma kwenda mbele ili matiti yapate mionzi kidogo. Picha ya kulala inapunguza mpindo na itawadanganya nyote. Kwenye ripoti tafuta mambo mawili. La kwanza ni pembe ya Cobb, inayotaja ukubwa wa mpindo. Kuanzia nyuzi 10 ndipo huitwa skoliosisi. La pili ni alama ya Risser, kuanzia 0 hadi 5, inayosomwa kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga na kuonyesha mifupa imebakiza kiasi gani cha kukua. Ripoti nyingi huacha Risser. Iombe.

Kwa nini Risser ina uzito hivyo? Uchunguzi wa Lonstein na Carlson wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba mipindo ya nyuzi 20 hadi 29 iliongezeka kwa asilimia 68 ya watoto wenye Risser 0 au 1, lakini kwa asilimia 23 tu ya wale wenye Risser 2 hadi 4. Nyuzi zilezile, watoto wawili, hatari mbili tofauti kabisa. Msichana ambaye hajaanza hedhi ana safari ndefu ya kukua mbele yake.

Kupima pembe ya Cobb kuna kosa la kawaida la nyuzi 5 hivi. Kutoka 24 kwenda 27 si ushahidi kwamba mpindo umezidi, na kutoka 27 kwenda 24 si ushahidi kwamba mazoezi yamefaulu. Omba picha zipimwe na mtu yuleyule, kwa pingili zilezile, na utunze picha zenyewe, usitunze ripoti peke yake.

Baadhi ya hali haziendi kwa fundi wa bresi kwanza. Mwone daktari wa mifupa haraka kama maumivu yanamwamsha mtoto usiku, miguu inalegea au kufa ganzi, haja zimeanza kumtoka, mpindo umeonekana kabla ya miaka 10, mpindo wa kifua umetokeza kushoto badala ya kulia kama ilivyo kawaida, au kuna shungi la nywele kiunoni chini. Hapo huhitajika picha ya MRI. Na katika nchi zetu jambo moja lisisahaulike: mgongo uliochongoka katikati kama nundu yenye ncha, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huo unatibiwa kwa dawa za kifua kikuu, na kuuchua ni hatari.

Nani apewe nini

Mpindo wa chini ya nyuzi 20 kwa anayekua huangaliwa kila miezi 4 hadi 6, na mazoezi maalumu yanaweza kuanza hapo. Kuanzia nyuzi 25 hadi 40 hivi, Risser ikiwa 0 hadi 2, bresi ndiyo tiba na mazoezi ni msaidizi wake. Kati ya 20 na 25, wengi huanza bresi pale tu mpindo unapoonekana kuongezeka kwa nyuzi 5 au zaidi. Aliyekwisha kukua hahitaji bresi ya kuzuia mpindo. Hakuna tena ukuaji wa kuuongoza.

Ushahidi mzuri zaidi wa bresi ulitolewa mwaka 2013, katika utafiti wa hospitali 25 za Marekani na Kanada ulioongozwa na Weinstein. Mpindo ulibaki chini ya nyuzi 50 hadi mwisho wa kukua kwa asilimia 72 ya waliovaa bresi, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Ndani ya bresi zile kulikuwa na vihisio vya joto vilivyohesabu saa za kuvaa, na hapo ndipo penye somo: waliovaa wastani wa saa 12.9 au zaidi kwa siku walifaulu kwa asilimia 90 hadi 93, na waliovaa chini ya saa 6 hawakuwa tofauti na wasiovaa kabisa.

Kutengenezewa bresi

Fundi wa viungo bandia huchukua umbo la kiwiliwili kwa bandeji za plasta, lile lile hogo wanalofungwa waliovunjika mguu, au kwa skana. Kisha huchonga umbo hilo na kulifunika kwa plastiki ngumu iliyopashwa moto. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha mafundi wa fani hii tangu 1981, na karakana zao zipo katika hospitali nyingi kubwa. Lakini bresi ya skoliosisi ni kazi ndani ya kazi. Fundi hodari wa mguu bandia si lazima awe ameizoea. Muulize ametengeneza ngapi, na kama atataka kuona eksirei ya mtoto akiwa ndani ya bresi. Akisema haina haja, tafuta mwingine.

Aina utakazosikia ni Boston, inayofungwa nyuma. Chêneau na jamii yake, inayofungwa mbele na yenye madirisha makubwa. Na bresi za usiku tu kama Providence na Charleston, zinazofaa zaidi mpindo mmoja wa chini usiozidi nyuzi 35. Milwaukee, yenye vyuma hadi shingoni, haivaliwi sana siku hizi, ingawa mpindo wenye kilele juu ya pingili ya 7 ya kifua haushikwi vizuri na bresi inayoishia kwapani.

Jina lina uzito mdogo kuliko sehemu tatu za msukumo. Bresi husukuma kwenye kilele cha mpindo au chini yake kidogo, kwa kuwa mbavu huteremka kutoka kwenye pingili zake, na hukinga kwa upande wa pili juu karibu na kwapa na chini kwenye nyonga. Mkabala na kila mto wa sponji unaosukuma lazima kuwe na nafasi tupu. Pasipo nafasi, mwili hauna pa kwenda na mtoto anabanwa bure. Mikanda ya kitambaa inayouzwa madukani kwa ajili ya kurudisha mabega nyuma haina msukumo huo, kwa hiyo usiihesabu kama tiba.

Siku ya kupokea bresi, usiondoke kabla ya kukagua haya mtoto akiwa ameifunga:

- Akikaa kwenye kiti, ukingo wa mbele usichome mapaja, na ukingo wa nyuma usiguse kiti. Kidole kimoja au viwili vipite.
- Mkunjo wa bresi wa kiunoni ukae juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Ukivuta bresi juu kwa mikono miwili isipande.
- Kiganja chako kiingie kwenye nafasi iliyo mkabala na mto.
- Ukingo wa kwapani ubane bila kufisha ganzi mkono.
- Ukimtazama kwa nyuma, kichwa kiwe juu ya katikati ya nyonga, asiwe ameinamia upande.

Baada ya wiki 4 hivi za kuvaa hadi saa kamili, hupigwa eksirei ndani ya bresi. Lengo zuri ni mpindo kupungua kwa nusu: nyuzi 30 zisomeke 15 au karibu na hapo. Mgongo mgumu hupungua chini ya hapo. Lakini 30 ikisomeka 27, mito irekebishwe kabla mtoto hajateseka nayo miezi mingi.

Kuvaa, hatua kwa hatua

1. Fulana ya pamba inayobana mwili, ndefu kupita bresi, isiyo na mshono ubavuni. Ikiwa una fulana ya kawaida tu, igeuze ndani iwe nje ili mshono usiguse ngozi. Nyoosha mikunjo yote, kwani kila mkunjo ni kidonda cha kesho. Sidiria yenye waya iondoke.
2. Fungua bresi kiasi cha kuingia ubavu kwanza. Ukiitanua kupita kiasi plastiki hupoteza umbo.
3. Alale chali, magoti yamekunjwa. Tafuta mifupa ya nyonga kwa vidole na ukalishe mkunjo wa kiuno juu yake.
4. Funga mikanda yote kwa kulegeza, kisha kaza wa kiunoni, wa chini, na wa juu mwisho.
5. Asimame, avute fulana kwa chini, na baada ya dakika 10 mkanda wa kiunoni ukazwe tena. Fundi aweke alama kwa kalamu mahali mkanda unapotakiwa kufika. Alama hiyo ndiyo dozi.

Bresi iliyolegea ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Mtoto huilegeza ili apumue, nayo hupanda, hukwaruza kwapa na kuumiza nyonga, kisha huilegeza zaidi. Ikikazwa hadi kwenye alama huumiza kidogo kuliko ikicheza.

Siku ya kwanza avae saa 2, vipindi viwili. Ongeza saa 1 au 2 kila siku, usiku uje mwisho, na ndani ya wiki 2 afike saa alizoandikiwa, ambazo kwa kawaida ni 18 hadi 23.

Hebu zihesabu kwa siku ya mwanafunzi wa kutwa. Saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 9. Avue saa moja ya kuoga na kujiandaa. Saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, shuleni, ni saa 8. Avue saa 2 za michezo. Saa 11 jioni hadi saa 1 usiku ni saa 2. Avue tena saa 2 za mazoezi, kuoga na chakula. Jumla 19. Sasa ondoa shule: zinabaki 11, chini ya kile kiwango cha utafiti. Ndiyo maana "atavaa nyumbani tu" haitoshi. Ongea na mwalimu mkuu mapema, andika barua inayotaja ruhusa ya kusimama katikati ya vipindi, nunua shati la sare kubwa kwa namba moja na sketi au suruali yenye mpira inayovaliwa juu ya bresi. Shule ya bweni inahitaji mtu mmoja aliyefundishwa kukaza mikanda, kwa kawaida matroni, na daftari la saa linalokaguliwa kila Jumapili.

Kuhusu ngozi. Wekundu chini ya mito ni wa kawaida, mradi ufifie ndani ya dakika 30 baada ya kuvua. Usipofifia, mwone fundi. Lengelenge au ngozi iliyochubuka ina maana bresi inavuliwa hadi pakauke, kisha saa zinarudi kidogo kidogo. Wiki za mwanzo pangusa sehemu zinazobanwa kwa spiriti ili ngozi ikomae. Losheni, mafuta ya nazi na poda visiingie chini ya bresi: mafuta hulainisha ngozi, na poda huganda kwa jasho.

Joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni adui wa kweli. Andaa fulana 6 au 7, zibadilishwe mara 2 au 3 kwa siku, moja ikae kwenye begi la shule. Bresi isuguliwe kila siku kwa kitambaa chenye sabuni na maji ya uvuguvugu, ikaushwe kwa taulo. Isianikwe juani wala kuachwa kwenye gari lililofungwa, kwani joto linaweza kupotosha plastiki. Usiku feni isogezwe karibu na kitanda. Chakula kiwe kidogo mara nyingi. Sahani ya ubwabwa iliyojaa haiwezi kukaa chini ya mkanda uliokazwa.

Usiongeze sponji mwenyewe pale panapouma. Unahamisha msukumo na kuziba nafasi iliyoachwa makusudi. Wala usimpelekee fundi viatu akukatie ukingo. Paja la mbele likifa ganzi, ukingo wa chini unabana mshipa wa fahamu karibu na nyonga. Fundi huupunguza kwa dakika chache.

Mpime urefu kila mwezi, ukutani, asubuhi. Katika kipindi cha kasi mtoto hurefuka sentimita 7 hadi 9 kwa mwaka. Bresi ikaguliwe kila miezi 3 au 4. Mikanda ikishindwa kufika kwenye alama, au mkunjo wa kiuno ukikaa juu ya mahali pake, imeshakuwa ndogo, na mwaka mmoja hadi mmoja na nusu ndio umri wake wa kawaida. Panga fedha za ya pili siku unapolipia ya kwanza.

Mazoezi

Njia inayojulikana zaidi ilianzishwa na Katharina Schroth, Mjerumani aliyekuwa na skoliosisi mwenyewe na aliyefungua kituo chake Meissen mwaka 1921. Ndani yake kuna kurefusha uti, kuzungusha mbavu kwa pumzi, na kukaza misuli ili umbo lililopatikana lidumu. Kuogelea na kujinyoosha kwa ujumla ni vizuri kwa afya, lakini haviutambui upande wa mpindo. Mazoezi ya skoliosisi si sawa kulia na kushoto, na ndiyo sababu mtaalamu wa fiziotherapia aone eksirei kwanza. Zoezi la mpindo wa kulia likifanywa na mwenye mpindo wa kushoto linasukuma kule kusikotakiwa.

Chukua mpindo wa kawaida wa kifua uliotokeza kulia, kukiwa na mpindo mdogo wa kiuno kushoto. Shona vifuko viwili vya kitambaa, kila kimoja kijazwe mchele kiasi cha kukaa unene wa vidole viwili.

Zoezi la chali: magoti yamekunjwa, kifuko kimoja chini ya nundu ya mbavu za kulia, kingine chini ya kiuno cha kushoto. Avute kisogo kuelekea ukutani na makalio kuelekea miguuni, shingo ndefu, bila kuinua mbavu za mbele. Mzazi aweke vidole kwenye mbavu za nyuma kushoto, zile zilizobonyea. Mtoto avute pumzi kwa pua akizisukuma mbavu hizo nje na nyuma hadi vidole visogee. Akitoa pumzi polepole kwa mdomo akaze misuli yote ya kiwiliwili bila kuruhusu mbavu zirudi. Pumzi 4 au 5, apumzike, arudie seti 3.

Zoezi la ubavu: alale ubavu wa kushoto, kifuko chini ya kiuno, mkono wa kulia umenyooshwa mbele juu ya stuli. Mguu wa juu uinuliwe usawa wa nyonga, kisigino kikisukuma mbali. Pumzi ni ileile. Mguu ukitetemeka, auweke kwenye kiti. Nyonga ikianza kuviringika nyuma, seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.

Ndani ya bresi pia kuna la kufanya: akiwa amekaa, ajitoe kwenye mto na kujaza kwa pumzi ile nafasi tupu, mara 10, asubuhi na jioni. Hilo huzuia misuli isilale ikiitegemea plastiki.

Dakika 30 hadi 45, siku 5 au zaidi kwa wiki, na kuonana na mtaalamu mara moja kwa wiki mwanzoni. Makosa matatu hujirudia: kubana pumzi, kupindisha kiuno ili kifua kionekane kimenyooka, na kufanya kwa kasi. Kioo kirefu mbele na simu inayorekodi kwa nyuma huyaumbua yote.

Kuacha bresi

Bresi huanza kupunguzwa msichana akifikia Risser 4, miaka 2 hivi ikiwa imepita tangu hedhi ya kwanza na urefu haujaongezeka kwa miezi 6. Wavulana hukua kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi hadi Risser 5. Punguza kwa ngazi, kwa mfano saa 16, kisha 12, kisha usiku tu, huku mazoezi yakiendelea. Picha za bila bresi zipigwe baada ya kuivua kwa muda uleule kila mara, la sivyo hutaweza kuzilinganisha.

Baada ya kuacha, picha ya miezi 6, ya mwaka 1 na ya miaka 2 zinatosha. Mpindo uliobaki chini ya nyuzi 30 mara chache huzidi utu uzimani. Wa kati ya 30 na 50 uangaliwe kila baada ya miaka michache. Wa kifua uliopita 50 unaweza kuongezeka kwa takriban nyuzi 1 kwa mwaka. Ujauzito haukatazwi, ila picha ya mwisho itunzwe na kupelekwa kliniki ya wajawazito, maana mtaalamu wa ganzi atahitaji kujua pingili zimegeukia wapi kabla ya kuchoma sindano ya mgongoni.